Habari za Njia Nilizozifuta

Bwana Ladislaus na Bi Zuhura, meza ninayowaachia ina mguu mmoja mfupi. Wekeni kipande cha kigae chini yake, msiweke karatasi iliyokunjwa. Karatasi hushuka polepole, na mwandiko wa mtu huinama bila yeye kujua. Niligundua hilo baada ya mwaka mzima wa kuwalaumu wanafunzi kwa mistari inayoteremka.

Mwalimu Mkuu ameniomba niandike ninayoyajua kuhusu kazi hii ya kuwasaidia wanafunzi kurekebisha insha zao, ili nyinyi mnaoipokea msianze kwa kupapasa. Nina miaka thelathini na mbili. Watu wanaostaafu huwa na mvi na wajukuu; mimi nilichokosa ni cheti. Sasa wamepatikana watu waliosomea ualimu chuoni, nao ni nyinyi, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa. Habari za mshahara na vyeo hazimo humu. Zingekuwamo zingechukua mistari miwili, nami ningeiandika mara sita.

Hii ni mara ya nne naanza ukurasa huu. Nasema hivyo mapema kwa sababu yote nitakayowaambia yanatokana na ugonjwa huo: siwezi kuliona kosa nikaliacha lilale. Ugonjwa huo ndio ulionipatia kazi, na ndio uliomponza binti mmoja wa Nambilanje, jina lake Somoe, aliyekuwa akitafuta nafasi ya kwenda chuo cha ualimu. Alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote niliopata kuwasomea. Ninaandika kwa ajili yenu, lakini kusema kweli, ninaandika kwa sababu yake.

Nimezaliwa Nkowe. Nyumbani tulisema Kimwera. Kiswahili nilikikuta darasani, nikakaa nacho miaka minne, kisha baba akanihitaji shambani. Yaliyofuata nilijifundisha mwenyewe. Nilisoma kila karatasi iliyonifikia: maandishi ya magunia, maelezo ya dawa, gazeti lililofungiwa sukari. Kamusi yangu haikuwa na jalada, na iliishia katikati ya herufi S, maana mwenye nayo wa kwanza alikuwa mvutaji wa tumbaku na alianza kuchana kutoka nyuma. Kwa miaka mitatu sikuliamini neno lolote linaloanza kwa T, U, V, W, Y au Z. Niliyatumia, ndiyo, mtu hawezi kuishi bila kusema "wewe", lakini niliyatumia kwa wasiwasi.

Mradi wa karanga ulipoanza Nachingwea nilikwenda kama wengine. Wenzangu walipewa mashoka na minyororo ya kung'olea visiki. Mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, nilipelekwa ghala la vipuri kuandika vibandiko. Kazi ilikuwa kuandika jina la kipuri kwenye karatasi ndogo na kuifunga kwa uzi. Siku ya kwanza niliandika vibandiko kumi na viwili tangu asubuhi hadi jioni. Mwenzangu wa meza ya pili aliandika mia moja na kitu. Vyangu vilikuwa vizuri sana, na trekta zilisimama porini zikivingoja.

Aliyeniokoa nisifukuzwe ni Bwana Kolumba, karani mzee aliyetoka upande wa Masasi. Saa za alasiri, kazi zilipokwisha, alikuwa na darasa lake chini ya paa la mabati pembeni ya ghala. Wafanyakazi waliotaka kuhamia kazi za ofisini walitakiwa kuandika insha, na yeye aliwasaidia. Alichukua kibandiko changu kimoja, akakitazama kwa mkono ulionyooshwa kwa sababu macho yake yalikuwa yameshazeeka, akasema, "Kijana, huyu si mwandishi wa vibandiko. Huyu ni fundi cherehani. Njoo kwangu alasiri."

Akanipa insha moja nisahihishe. Ilikuwa ya Mzee Bakari, dereva wa trekta. Nikairudisha ikiwa na penseli nyingi kuliko wino.

"Hii ni ya nani?" akaniuliza.

"Ya Mzee Bakari."

"Ilikuwa ya Mzee Bakari." Akaiweka juu ya goti. "Wewe unasahihisha kama mtu anayesugua sufuria ya mwenzake. Inang'aa, sikatai. Ipo siku utaitoboa."

Nilicheka kwa adabu. Nilidhani ananisifu kwa bidii.

Namna yake ya kazi ilikuwa hivi, nami naieleza kwa sababu ni bora kuliko yangu. Hakushika penseli kabisa mara ya kwanza. Mwandishi alisimama akasoma insha yake kwa sauti, na yeye alisikiliza amefumba macho. Mwishoni aliuliza swali moja tu: "Hapo ulikuwa umesimama wapi?" Mtu alianza kueleza: nilikuwa nimesimama karibu na tangi la maji, mke wangu alikuwa upande huu, mvuke ulikuwa unatoka. Bwana Kolumba alimwachia aseme mpaka achoke, kisha akamwambia, "Hayo uliyosema sasa hivi, nenda kayaandike." Basi. Makosa ya herufi aliyagusa siku ya tatu, kama mtu anayemtoa mwenziwe jani kwenye nywele.

Mzee Bakari ndiye aliyekuwa mtihani wetu mgumu. Alikuwa amezoea kujaza taarifa za mashine, na insha zake zote zilikuwa taarifa. "Nimeamka. Nimewasha. Imekataa. Nimewasha tena." Tulipompa kichwa "Mama yangu", aliandika mistari miwili: "Mama yangu yupo. Hana hitilafu."

"Mzee Bakari," nikamwambia, "mama mzima kwa mistari miwili?"

"Angekuwa na hitilafu ningeongeza."

Darasa zima lilicheka, na yeye hakuona kichekesho kiko wapi. Bwana Kolumba akamuuliza swali lake. Mzee Bakari akafikiri, akasema alikuwa amesimama mlangoni siku anaondoka kwao, na mama alikuwa anamfungia mhogo wa kuchoma katika jani, akaufungua, akaufunga upya, akaufungua tena, ili asiende. Aliyaandika hayo. Alipata kazi ya ofisi, akaiacha baada ya wiki mbili akarudi kwenye trekta yake, lakini insha ile naikumbuka.

Natamani karatasi za wakati ule. Zilikuwa na alama za vidole vya grisi kwenye pembe, na ukizisogeza puani zilinuka dizeli na jasho na ugali. Nimesoma karatasi safi kwa miaka mingi tangu hapo, na hakuna iliyonifanya niisogeze puani.

Kisha mradi ukapungua. Mashine zikachukuliwa, watu wakarudi makwao, milango ya kambi ikawa inapigapiga kwa upepo. Bwana Kolumba alirudi Masasi na mafaili yake mawili na kuku. Kabla ya kuondoka aliniandikia barua ya kunitambulisha kwa Mwalimu Mkuu hapa Ruangwa, nami nikaja. Barua ilikuwa na kosa moja la herufi kubwa. Nakiri kwamba nililirekebisha njiani.

Hapa shuleni nilipewa chumba hiki, meza hii, na kazi mbili: kusoma insha za wanafunzi wanaokaribia mitihani, na Jumamosi kuwasaidia vijana waliokwisha kumaliza shule wanaotaka kuomba nafasi vyuoni. Kuhusu vifaa: wino wa vidonge ukorogeni kwa maji ya uvuguvugu yaliyochujwa, la sivyo unaacha chembe na kalamu inakwaruza. Wembe wa kukwangulia wino utumieni ukiwa mkavu. Penseli ya kusahihishia iwe ya samawati. Nyekundu nilijaribu muhula mmoja, na msichana mmoja akamwambia mama yake kwamba daftari limejeruhiwa.

Sasa lazima nieleze desturi ambayo Bi Zuhura, kwa kuwa umetoka Songea, huenda huijui. Kwetu mgeni hafiki na jambo lake mdomoni. Anakaa, anapewa maji, wenyeji wananyamaza, naye anatoa habari za njia: aliondoka wakati gani, aliwaachaje watu wa kwake, alipita kwa nani, kijito kina maji au hakina, alikutana na nani na huyo alikuwa amebeba nini. Wenyeji wanaitikia kila kituo. Akimaliza, nao wanatoa habari za pale nyumbani. Ndipo jambo lenyewe linatajwa, na mara nyingi kwa maneno machache, maana watu wameshafika pamoja.

Wanafunzi wetu walikuwa wakiandika insha hivyohivyo. Uliwapa kichwa "Faida za korosho", na mmoja alianza kwa kuamka, kunawa uso, kumsalimia bibi yake, kumkuta mbuzi wa jirani kwenye mihogo. Ukurasa wa pili ulipokwisha ndipo alipoufikia mkorosho. Watahini hawakutaka hayo. Walitaka mwanzo, kati na mwisho, katika ukurasa mmoja na nusu. Nami nilikuwa upande wao kuliko walivyokuwa wenyewe. Nilikuwa mtoto wa Nkowe, nikiona haya kwamba niliwahi kuandika vile. Pembeni ya kila insha niliandika kwa penseli ya samawati: Ingia moja kwa moja.

Somoe binti Hassani alikuja Jumamosi moja ya kiangazi akifuatana na shangazi yake, Bi Mwanaisha, aliyekuwa akiuza ufuta hapa sokoni na ndiye aliyemhifadhi. Kwao Nambilanje alikuwa akiwafundisha watoto wa majirani kusoma, bila kuombwa na mtu. Chuo cha ualimu kilikuwa kinachukua wasichana wachache, na njia ilikuwa moja tu: insha ya saa moja, chini ya msimamizi, Nachingwea. Umri wake ulimruhusu kujaribu mwaka ule na mwaka uliofuata, basi. Baba yake alikuwa amekubali kwa shida. Akishindwa, angerudi shambani na mambo mengine yangepangwa.

"Mwalimu," shangazi aliniambia, "huyu mtoto maneno anayo. Wewe mfundishe tu kizungu chao, wanavyotaka."

"Si kizungu, Bi Mwanaisha. Ni utaratibu."

"Haya. Mfundishe huo."

Nilimpa kichwa "Mvua ya kwanza". Jumamosi iliyofuata alileta kurasa tatu, na mvua haikunyesha mpaka chini kabisa ya ukurasa wa tatu. Kabla ya hapo alikuwa ametoka nyumbani kwenda kuazima jembe. Alipita kwa mama mmoja aliyekuwa anaanua makopa ya mhogo huku akitazama juu, akapita kwa wazee waliokuwa wakibishana kama lile ni wingu au ni moshi wa mashamba, akafika kwenye kijito kikavu ambacho watoto walikuwa wanakifagia. Walikuwa wanakifagia, ili maji yakija yakute pamesafishwa. Nilipofikia tone la kwanza nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kisha nikachukua penseli, nikakata kurasa mbili na nusu.

Alitazama mistari ya samawati ikishuka. "Mwalimu, hapa pote si pazuri?"

"Ni pazuri. Lakini hapahusiki."

"Mvua itakujaje bila watu kuingoja?"

"Itakuja. Kichwa kimesema mvua, basi mwanzo useme mvua."

Akacheka kidogo. "Basi hiyo ni mvua ya ofisini." Akaichukua karatasi, akaenda kuandika upya, kwa sababu alikuwa mtiifu na mimi ndiye niliyeitwa mwalimu.

Nilikuwa na kanuni nyingine, ambayo sasa nitaikiri. Mwanafunzi akishanakili insha safi, nakala ya kwanza yenye makosa niliichoma. Nyuma ya chumba hiki palikuwa na debe lililotobolewa matundu; tulitia karatasi humo mchana, tukaziangalia zikijikunja. Niliwaambia wanafunzi kwamba karatasi chafu ikibaki duniani inaweza kuokotwa na mtu akakuhukumu kwayo. Nilikuwa nasema juu yangu mwenyewe. Mimi ndiye niliyeogopa kuokotwa. Mtaona kabatini masanduku matatu yaliyojaa nakala za kwanza, chafu, za wanafunzi wa miaka ya baadaye. Msichome hata moja. Za mwaka ule hazimo.

Tangu kiangazi kile hadi mvua, Somoe aliandika insha kumi na moja. Ya kwanza nilimpa alama nne kati ya kumi, ya kumi na moja tisa. Nilimwona akijifunza kukata mwenyewe kabla sijafika. Watu wa njiani walipungua insha baada ya insha: kwanza wazee, kisha akina mama, kisha watoto, hata ikabaki habari yenyewe, imesimama wima kama mlingoti. Niliipeleka ile ya mwisho kwa Mwalimu Mkuu. Akaisoma mara mbili, akasema, "Hakuna pa kushika." Niliyachukua maneno hayo kama sifa, nikalala nayo vizuri wiki nzima.

Siku ya insha tulipanda lori la magunia kwenda Nachingwea, Somoe, Bi Mwanaisha na mimi. Kufika, waombaji waliingia katika ukumbi mmoja, nasi tukakaa nje kwenye kivuli cha ukuta. Bi Mwanaisha alikuwa amefunga mkate wa kumimina katika kitambaa, na hakutaka tuuguse mpaka mtoto atoke. Kupitia dirishani nilisikia kichwa kikisomwa: "Kazi ya mwalimu kijijini." Moyo wangu ulitulia. Kichwa gani kingemfaa kuliko hicho? Nilianza kumwandikia kimoyomoyo, aya kwa aya, na nilimaliza mapema.

Alitoka na wenzake saa ilipotimia.

"Umemaliza?" nikamuuliza.

"Saa imekwisha."

"Umeandika kurasa ngapi?"

Alitengeneza ushungi wake. "Mstari mmoja, Mwalimu."

Bi Mwanaisha akaacha kufungua kitambaa.

"Mstari gani?"

"Kazi ya mwalimu ni kufundisha." Akaninyooshea viganja, havina wino. "Nikaufuata wa pili, sikuuona. Kila nikitaka kutoka nyumbani nije, nakusikia wewe unasema niingie moja kwa moja. Nikakaa pale. Mtu ataingiaje mahali ambapo bado hajafika?"

Hakuwa na hasira. Ningeomba awe na hasira. Aliuliza kama mwanafunzi anavyomuuliza mwalimu wake, na alingoja jibu.

Kwenye lori la kurudi tulikula ule mkate kwa zamu. Bi Mwanaisha alikaa kati yetu. Tulipokaribia Ruangwa akasema bila kunitazama, "Nilikuletea mtoto anayesema, Mwalimu. Jana amenisalimia, akasita katikati, akaanza tena ili aisahihishe salamu. Nikajua. Nikajiambia ndio utaratibu."

Majibu yalipokuja jina lake halikuwamo. Alirudi Nambilanje na lori la kwanza lililokwenda huko.

Mwaka uliofuata niliendelea na kazi, na nadhani nilikuwa msahihishaji mbaya kuliko wote katika nchi hii, kwa sababu nilikuwa naogopa penseli na naogopa kuiacha. Jumamosi nilijikuta natazama mlango. Nilimkosa kwa namna ambayo sikuwa na neno lake, hata katika zile herufi nilizoziamini. Niliandika barua ya posa kwa baba yake, Mzee Hassani. Niliiandika mara tisa. Sikuipeleka kwa sababu aya ya pili haikukaa sawa. Hilo haliwahusu; nimeliandika tu kwa kuwa nimesema nitasema kweli.

Ulipobaki mwezi mmoja kabla ya insha ya mwaka wake wa mwisho, niliazima baiskeli nikaenda Nambilanje. Nilipofika, Mzee Hassani alinikaribisha, akanipa kiti na maji, kisha akanyamaza, akiniangalia kwa upole. Nilijua anangoja nini. Nikafungua kinywa. Nikasema nimetoka Ruangwa asubuhi, nimepita salama, na nimekuja kwa ajili ya habari ya chuo. Yeye aliitikia, "Eeh," akaendelea kungoja kituo kinachofuata. Hapakuwa na kituo. Nilikuwa nimepita mashamba, vijito viwili, watu wengi waliokuwa wanapalilia mikorosho na kunisalimia kwa jina, na sikuweza kumtoa hata mmoja. Yeye mwenyewe akanihurumia. "Basi umefika haraka," akasema, akamwita binti yake.

Somoe alikuja kutoka shambani, jembe begani. Alikuwa amekonda kidogo. Alinisalimia vizuri, bila kusita. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia yale niliyoyakata ndiyo yaliyokuwa insha, na kilichobaki kilikuwa mabaki. Nikamwambia kwamba safari hii aende akaandike kama alivyokuwa akiandika mwanzo, na mtahini akikataa, akatae ya kwake Somoe, si ya kwangu.

Alisikiliza yote. Akaliweka jembe chini, akakaa kwenye kigogo.

"Nimejaribu," alisema. "Usidhani nilikaa tu. Hawa watoto ninaowafundisha hapa, nimewaandikia habari mara nyingi ili wasome. Nikianza, mkono unakwenda kwenye jambo. Nikiurudisha nyuma, natafuta watu, nawakuta wamesimama kama wa kuchongwa." Akaniangalia. "Sikumbuki tena nilikuwa nafanyaje. Lakini nikiona moja nitakumbuka. Zile za kwanza, Mwalimu. Ile ya mvua. Umeniletea moja?"

Mzee Hassani naye aligeuka kunitazama, maana alielewa kwamba hilo ndilo jambo.

Nilikuwa na mfuko begani, na ndani yake zilikuwamo nakala safi za insha zake kumi na moja. Niliwaza kwamba nikizitoa angalau atauona mwandiko wake. Nilizitoa. Alizipokea kwa mikono miwili, akafunua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akazilinganisha pembe vizuri, akanirudishia.

"Hizi ni zako," alisema.

"Zile za kwanza tulizichoma, Somoe."

"Zote?"

"Zote."

"Najua tulichoma. Nilikuwapo." Akapangusa udongo kwenye goti. "Nilidhani mtu kama wewe lazima angeficha moja."

Nilijaribu basi kumsomea kwa kumbukumbu. Nilimwambia kuna mama aliyekuwa anaanua makopa, kuna wazee, kuna watoto wanafagia kijito. Alisikiliza akiitikia kwa kichwa kila kituo, kama mtu anayesikia habari za kijiji ambacho hajawahi kufika. Nilipomaliza akauliza, "Na yule mama alisema nini?" Sikukumbuka. Nilikumbuka tu kwamba alisema kitu, na kwamba nilikikata.

Aliniambia atajaribu tena kwa mwezi ule uliobaki. Akiweza kuandika hata moja kama zile, atakuja na lori la Jumatano, siku moja kabla ya insha, alale kwa shangazi yake, na tutakwenda Nachingwea pamoja. Asipoiweza, hatakuja, na nisihangaike kumtumia mtu. Kisha akaenda kunichotea maji ya njiani, akanijazia chupa.

Jumatano ile niliomba ruhusa kwa Mwalimu Mkuu, nikaenda kukaa sokoni mahali malori yanaposimama. Bi Mwanaisha alikuwa kwenye ufuta wake, upande wa pili. Tulisalimiana, hakuna aliyemuuliza mwenziwe kitu. Lori la kwanza kutoka upande wa Nambilanje lilileta wanawake wawili wenye watoto wagonjwa na mzee mwenye kuku. Niliwatazama wakishuka mmoja mmoja. La pili lilikuja alasiri. Halikuwa na watu nyuma, nikasogea hata hivyo.

"Unamngoja nani, mwalimu?" dereva aliniuliza.

"Mtu mmoja anatoka Nambilanje."

"Leo sina mtu. Ni magunia tu."

Nilimwambia haidhuru. Wapakuzi wakaanza kuyashusha, na mimi nilisimama pale pembeni, nikayaangalia yakitoka moja baada ya jingine, mpaka lilipotoka la mwisho na nikaona mbao za sakafu ya lori.